Meza Isiyofukuza Mtu

Alhamisi mchana theluji ilikuwa ikishuka polepole juu ya mitaa ya magharibi ya Buffalo, nyepesi kama unga unaochekechwa. Ndani ya jiko la Mama Nunzia madirisha yalikuwa yamejaa mvuke, na nyumba ya jirani ilionekana kama kitu kilichochorwa kwa chaki kisha kikafutwa kwa kiganja. Inspekta Carmelo Spataro alikuwa amevua koti lake, anakula tambi zilizonyunyiziwa chenga za mkate uliokaangwa. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1960, na nyama haikuingia nyumbani humo.

"Kula, Melo. Umekonda kama mpini wa ufagio," alisema Mama Nunzia, mdogo wa marehemu mama yake.

"Hii sahani ya pili, mama mdogo."

"Nani kakwambia uhesabu?"

Mlango wa nyuma uligongwa mara tatu. Mama Nunzia alifungua, na hewa ya baridi ikaingia pamoja na harufu ya ziwa. Pale kizingitini alisimama Crocifissa Taibbi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Fina. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za ujane tangu Novemba, kapu mkononi. Hakuwa na viatu. Vidole vya miguu yake vilikuwa vyekundu kama vimechovywa kwenye divai.

"Chochote kwa ajili ya Mtakatifu Yosefu," alisema.

Mama Nunzia alitia kapuni mayai kumi na mawili na mashina matatu ya shamari, kisha akalibusu kapu. Bi Fina alipoinua macho akamwona Spataro mezani. Alimtazama kidogo tu, akashukuru, akaenda zake. Nyayo zake zilibaki uani, ndogo, zenye vidole vitano kila mmoja, na theluji ikaanza kuzijaza moja moja.

Spataro aliweka uma chini.

"Nyumba yake ina vyumba kumi na viwili. Anaomba mayai?"

"Ndiyo sharti. Jumamosi ni sikukuu ya mtakatifu, na meza ya nadhiri hainunuliwi. Unaiomba nyumba kwa nyumba, na ukishaiandaa, humfukuzi mtu yeyote anayekuja na njaa."

"Na anamwomba mtakatifu nini?"

"Haombi." Mama Nunzia alirudi kwenye sufuria yake. "Anayeomba huwasha mshumaa akaenda kulala. Anayevua viatu ni anayelipa. Huyo amekwisha kupewa."

Spataro alisubiri mpaka mwiko ukaacha kuzunguka.

"Mjane amepewa nini, mama mdogo?"

Mwiko ulianza tena kuzunguka, haraka zaidi.

"Mjukuu wake aliugua mapafu Januari. Akapona."

"Unaamini ni hilo?"

"Mimi natia chumvi tu, mwanangu. Kuamini ni kazi ya padri."

Zilikuwa zimebaki siku nne. Jumatatu asubuhi jaji angemsomea Stanisław Wojtas adhabu yake, na kwa kuua kwa kukusudia jimbo la New York lilikuwa na adhabu moja tu, kiti cha umeme. Wojtas alikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa Calogero Taibbi, mume wa Bi Fina, na ndiye aliyekutwa na hatia ya kumuua. Aliyemfunga pingu, kwenye ngazi za nyumba ya mama yake, alikuwa Spataro mwenyewe.

Calogero Taibbi, Mzee Lillo, alishuka bandarini Buffalo akiwa mvulana wa miaka kumi na minne na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupakua nafaka matumboni mwa meli kwa beleshi. Miaka ile pombe ilipopigwa marufuku, alijifunza kuvuka mto kwenda Kanada wakati wa ukungu na kurudi na mashua imezama nusu kwa uzito wa makreti. Alipofika miaka thelathini na mitano, hakuna lori lililotoka bandarini bila yeye kujua. Wanaume walivua kofia alipopita, na kwa kinyozi alikaa bila kungoja zamu. Kisha mbegu nyingine ikaota mjini, vijana wenye suti nyembamba ambao hawakumvulia mtu kofia. Oktoba iliyopita gari lake lilikutwa kando ya mfereji, ndani damu, mtu hayumo. Wiki tano baadaye mto ukatoa maiti chini ya maporomoko, maiti isiyo na uso tena. Bi Fina alionyesha fulana iliyoshonwa kiraka, akasema, "Huyu ni mume wangu."

Wojtas alisema mahakamani kwamba alimwacha mzee kwenye kona, hai, ndani ya gari, baada ya kuambiwa aende nyumbani. Hakueleza damu ilitoka wapi. Waamuzi kumi na wawili walimsikiliza kwa adabu, wakamkuta na hatia.

*

Ijumaa alfajiri duka la mikate la Tano Ingrassia lilikuwa na joto la kitandani. Mikate ya sikukuu ilikuwa imepangwa kwenye mbao, mmoja kama fimbo, mmoja kama ngazi, mmoja kama jua lenye miale, yote ikimeta kwa ute wa yai. Ingrassia mwenyewe alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Inspekta! Umekuja kunikamata kwa sababu ya bei?"

"Bei zako ni kazi ya kikosi kingine. Ni mikate ya Bi Fina?"

"Ni yake. Unga wa kuombwa, kazi yangu ya bure. Mbinguni watanikumbuka, duniani hawanikumbuki."

Spataro alitembea taratibu kando ya mbao. Kila mtoto wa mtaa ule alijua kwamba katikati ya meza ya nadhiri huwekwa mkate wenye umbo la kile kilichopona. Aliyeponywa macho huweka macho, aliyeponywa mkono huweka mkono.

"Mjukuu wake alipona mapafu," alisema. "Nionyeshe mapafu."

"Mapafu?" Ingrassia alicheka. "Nani amekwambia mapafu? Mapafu hayaokeki, yanaumuka yanakuwa kama makalio ya mke wangu. Mkate wa katikati ni ule pale."

Ulikuwa mguu, wa kushoto, kuanzia goti mpaka vidole. Chini ya goti, kwenye muundi, palikuwa na tundu dogo la mviringo.

"Hili tundu umelitoboa wewe?"

"Mwenyewe alikuja jana jioni. Nikamwambia, Bi Fina, mguu huu mzuri. Akasema bado. Akaubonyeza kwa kidole, hapo, kabla haujaingia tanuri." Kicheko kilimtoka Ingrassia usoni polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi. "Inspekta, mimi naoka tu."

"Najua. Jana mama mdogo wangu alikuwa anatia chumvi tu. Nikimuuliza Bi Fina kesho mbele ya meza ni neema gani aliyopewa, atanijibu?"

"Aliyeketi mezani kwa njaa ana haki ya kuuliza, naye lazima aseme kweli. Akidanganya, neema inarudi ilikotoka. Lakini wewe?" Mwokaji aligusa mfuko wa koti la Spataro, pale beji ilipokuwa. "Wewe hujaja kwa njaa. Wewe atakupa chungwa akuage."

*

Luteni Doyle, mkuu wake kazini, alisikiliza habari yote akiwa ameweka miguu juu ya meza. Alikuwa Mwairishi mwenye uso mwekundu, na alipenda kusikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

"Basi nimpigie jaji simu," alisema. "Nimwambie, mheshimiwa, tumepata shahidi mpya. Hawezi kuapa, maana ni mkate."

"Nipe jalada la Taibbi kwanza."

"Uchukue na siagi."

Spataro alipanga picha za gari juu ya meza, kando ya viatu vya Doyle. Nje theluji ilikuwa imegeuka ukungu, na taa za barabarani zilikuwa hazijazimwa ingawa saa nne ilikuwa imepita.

"Tazama damu. Kwenye kiti haipo. Kwenye mlango haipo. Iko kwenye zulia la chini, nyuma, yote mahali pamoja. Mtu aliyepigwa risasi kifuani au kichwani angevuja hivi?"

"Labda aliangukia chini."

"Basi ingekuwapo pembeni ya kiti. Huyu alikuwa amekaa, na damu ilishuka ndani ya kiatu. Sasa soma daktari alivyoandika kuhusu maiti ya mtoni. Ukurasa wa tatu."

Doyle alifumbua macho, akasoma. Alisoma tena, safari hii midomo ikisogea.

"'Mifupa ya miguu yote miwili mizima, bila ufa,'" alisema.

"Risasi ya hapa," Spataro aligusa muundi wake, "haiachi mfupa mzima. Aliyevuja damu ndani ya gari siye aliyetoka mtoni. Mto unatoa watu wengi, Luteni. Bi Fina alichagua mmoja."

Miguu ya Doyle ilishuka mezani. Alipiga simu mwenyewe. Alizungumza kwa dakika kumi, sehemu kubwa akisema "ndiyo, mheshimiwa," kisha akaweka mkono wa simu kama anayelaza mtoto.

"Anasema mjane alimtambua mumewe chini ya kiapo, na daktari wa maiti hakuulizwa swali hilo kesini. Hatatoa hati ya kupekua nyumba ya mjane siku ya sikukuu kwa ajili ya unga uliokandwa. Tukimletea Taibbi, atamtazama. Tusipomleta, Jumatatu saa tatu anasoma adhabu."

"Kesho hati haihitajiki. Mlango utakuwa wazi kwa kila mwenye njaa."

"Nawe utaenda kula?"

"Nitaenda na mgeni," alisema Spataro, akavuta simu kwake.

*

Jadwiga Wojtas aliishi upande wa mashariki, kwa Wapolandi wenzake, juu ya duka la soseji lililokuwa limefungwa kwa sababu ya Kwaresima. Jumamosi asubuhi alikuwa tayari ngazini, mtandio kichwani, mikono yake ya kufagia stesheni ya treni imekunjwa tumboni. Ilikuwa ngazi ileile.

"Mwanangu hakuua," alisema kabla ya salamu. "Nilikwambia hapa hapa."

"Ulisema, mama."

"Ukanijibu kila mama husema hivyo."

"Nilisema hivyo."

Aliingia garini. Walivuka mji, nyumba zikitoka kwenye ukungu na kurudi tena kwenye ukungu. Walipoukaribia mtaa wa Taibbi aliuliza, "Nikifika nifanye nini?"

"Ule."

"Basi?"

"Ukitaka kuuliza jambo, uliza. Leo hakuna wa kukuzuia."

Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi, lakini mlangoni alisimama Sal, mpwa wa Mzee Lillo, mpana kama kabati.

"Leo ni watu wa mtaa tu," alisema.

"Huyu ana njaa," alisema Spataro.

"Akale kwao."

"Sal!" Sauti ya Mama Nunzia ilitoka ndani, kutoka kwenye moshi wa samaki. "Toka mlangoni! Wewe ni nani wa kumfungia mtakatifu mlango? Au nije na mwiko?"

Sal alijisogeza kwa kiasi cha mtu mmoja, na Bibi Jadwiga akapita chini ya mkono wake.

Sebule yote ilikuwa nyeupe. Ngazi tatu za altare zilifunikwa kwa mashuka ya harusi, na juu yake kulikuwa na machungwa, mayungiyungi, shamari yenye nywele za kijani, samaki wazima wenye macho, na mishumaa mingi mno hata hewa ilikuwa ikitetemeka, na nyuso za watu upande wa pili zilionekana kama ziko chini ya maji. Padri alikuwa amekwisha kubariki na kuondoka. Mzee Pippo wa bandarini, aliyechaguliwa kuwa Yosefu mwaka huo, alikaa kichwani pa meza ndefu na ndevu zake za pamba.

"Yosefu, ndevu zako zinakunywa supu," mtu alimwambia.

"Ziache. Nazo zimefunga tangu Jumatano ya Majivu."

Bi Fina, miguu mitupu, alikuwa akizunguka na birika na beseni. Kila mgeni alimnawisha mikono, akaikausha kwa taulo, akaibusu. Hakuketi wala hakula. Spataro alisimama ukutani, kofia mkononi, akimtazama anavyokaribia mwisho wa benchi, alipoketi Bibi Jadwiga.

Siku tano wanawake wale wawili walikaa mahakamani, mmoja kulia, mmoja kushoto. Bi Fina alipoinua uso kutoka kwenye beseni, birika liliyumba na maji yakamwagika sakafuni.

Sal alikuwa nyuma yake mara moja. "Shangazi, nimtoe?"

"Umtoe nani? Nenda kasimame ulipokuwa."

Alimwagia maji mikono ile iliyopasuka. Aliikausha kidole kwa kidole. Aliibusu.

"Kula, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitakula. Sijui desturi zenu," alisema Bibi Jadwiga. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayeulizia njia. "Kwetu mkesha wa Krismasi tunaweka kiti kwa ajili ya mgeni asiyejulikana. Basi nadhani naelewa kidogo. Wanasema huyu mtakatifu alikupa kitu ulichomwomba. Mimi nimeomba wengi, hawakunisikia. Alikupa nini, ili nijue kama anaweza?"

Kijiko kilianguka mahali fulani, na hakuna aliyekiokota. Bi Fina alikuwa bado ameishika mikono ya yule mwanamke ndani ya taulo. Mishumaa ilikuwa ikipumua. Spataro hakusogea wala hakutoa daftari.

"Alinirudishia mume wangu," alisema Bi Fina.

"Shangazi!"

"Nyamaza, Sal. Unataka afe kweli?" Hakugeuka kumtazama. Alizungumza na Bibi Jadwiga peke yake, kama watu wawili kisimani. "Aliingia kwa mlango wa jiko usiku ule, mguu umevunjwa na risasi, baridi kama samaki. Nikapiga magoti hapa. Nikasema, mwache hai, nami nitaomba pekupeku mtaa mzima. Akaachwa hai. Baadaye Lillo akaniambia niseme ile maiti ni yeye, ili vijana waliompiga risasi waache kumtafuta. Akasema kijana wako atafungwa miaka miwili tu, na sisi tutakutunza. Miwili. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini."

Mkono wa Sal ulikuwa umeingia ndani ya koti. Spataro alikuwa amekwisha kumfikia, akakishika kifundo chake bila nguvu, kama anayemsalimu.

"Si leo, Sal. Tazama watoto waliopo. Na Luteni Doyle yuko nje na magari mawili."

Juu ya dari kitu kiligonga. Kikanyamaza, kikagonga tena. Ngazi zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, polepole sana, na watu wote mezani wakageuza vichwa kuelekea kwenye pazia la ukumbini.

Mtu aliyelisogeza pazia alikuwa mdogo kuliko walivyomkumbuka. Alivaa sweta juu ya nguo za kulalia, ndevu za wiki nzima, mkono mmoja kwenye fimbo. Mzee Pippo aliinuka nusu kwa mazoea, mkono ukienda kwenye kofia ambayo hakuwa nayo, kisha akakaa tena na kutazama supu yake.

"Nimesikia," alisema Mzee Lillo. "Umeniua, Fina."

"Nimelipa," alisema mkewe.

"Mzee Lillo," alisema Spataro, "vaa koti. Jaji anakungoja."

"Wewe ni mtoto wa Concetta." Mzee alimtazama muda mrefu. "Nilimpelekea mama yako makaa miaka mitatu ya baridi. Unajua wale vijana watafanya nini wakisikia niko hai?"

"Tutakulinda."

"Ninyi? Mwaka jana mliibiwa pikipiki kwenye ua wa kituo chenu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Bibi Jadwiga aliinuka kwenye benchi. Alivuka sebule, akasimama mbele ya mtu aliyekaribia kumfanya mwanawe auawe, na akanyanyua mkono. Mzee Lillo alifumba macho kungoja kofi. Kiganja kilitua shavuni taratibu na kukaa hapo.

"Ana joto," alisema Bibi Jadwiga. Aligeuka kwa Spataro, machozi yakimshuka bila sauti. "Mguse uone. Ana joto."

Kisha alishusha mkono, akashika sweta la mzee kwenye kiwiko, akalikunja ndani ya ngumi.

"Niachie, mama," alisema Mzee Lillo. "Nakwenda kuvaa viatu tu."

"La."

Ikabidi Bi Fina amvalishe yeye, amepiga magoti sakafuni, na koti wakamtupia mabegani kwa sababu mkono mmoja haukuweza kuingia. Mama Nunzia alimfungia Bibi Jadwiga mkate na machungwa kwenye leso, naye akavipokea kwa mkono wa kushoto. Nje Doyle alishuka garini, akamtazama Taibbi kuanzia kichwani mpaka chini kama mtu anayesoma ukurasa wa tatu, na kufungua mlango wa nyuma.

"Mama, sasa unaweza kumwachia," alisema kwa upole. "Tumemkamata."

"Na mwanangu mlisema mmemkamata."

Doyle alimtazama Spataro. Spataro aliivaa kofia yake, akazunguka kwenda kwenye usukani. Wakampandisha Mzee Lillo kiti cha nyuma, na kwa kuwa ngumi ile haikulegea, wakampandisha na mwenye ngumi. Gari liliondoka taratibu kuelekea kwa jaji, wazee wawili nyuma bega kwa bega, mmoja akimenya chungwa kwa meno.